Akamwua au Akajiua? Visa vya Hukumu katika Biblia na Mahakama ya Moyoni

Utangulizi

Katika sura ya nne ya Kitabu cha Mwanzo, Kaini anamwinukia nduguye Habili wakiwa uwandani, akamwua. Kitenzi hicho kimoja kimezua mjadala ambao umedumu kwa takriban miaka 2000. Philo, mwanafalsafa Myahudi wa Iskanderia nchini Misri aliyeandika katika nusu ya kwanza ya karne ya kwanza, aliusoma mstari huo katika tafsiri ya Kiyunani na kupendekeza kwamba kiwakilishi kilichomo kieleweke kwa namna nyingine: Kaini hakumwua mwenziwe, bali alijiua yeye mwenyewe. Kwa msomaji wa Kiswahili, tofauti iliyopo baina ya maana hizo mbili ni kiambishi tu. Kiambishi cha mtendwa -m- kikiondolewa na -ji- ikatiwa mahali pake, "akamwua" inakuwa "akajiua", na kesi ya mauaji inahamishwa kutoka uwandani hadi nafsini mwa muuaji.

Philo hakuwa akiichezea sarufi. Kwake yeye, Habili ni fikira inayomwelekea Mungu, na Kaini ni fikira inayojipenda yenyewe. Anayeifisha fikira ya kwanza ndani yake amejinyima uhai wa kweli. Habili, kwa upande wake, anaendelea kuishi kwa Mungu, na ithibati ni kwamba damu yake ingali inalia. Ufafanuzi huu una kina na una uzuri wake. Hata hivyo, unaacha swali ambalo mhakiki hawezi kulikwepa: ikiwa Kaini alijiua, ni nani aliyelala uwandani?

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kwa kuviangalia baadhi ya visa vya hukumu katika Biblia. Visa hivyo vinaposomwa kama taashira za yale yanayopita ndani ya nafsi, msomaji hupata nini, na ni nani anayepotea? Dai linalotetewa hapa ni kwamba usomaji wa ndani ni halali, na mara nyingine ni wa lazima kimaadili, lakini unahalalika pale tu unapombakiza mlalamishi nje ya nafsi ya mshtakiwa. Mahakama ya moyoni isiyokuwa na mlalamishi si mahakama. Ni mtu anayezungumza na nafsi yake.

Chimbuko na Mantiki ya Usomaji wa Ndani

Mara nyingi usomaji wa kiistiara hudhaniwa kuwa ni ujanja wa kuyakwepa matini. Dhana hiyo haiwatendei haki walioutumia. Visa vya hukumu vina ugumu wa kimaadili ambao msomaji makini hawezi kuupita. Katika gharika wanaangamia watoto wachanga pamoja na wazee waovu. Katika Misri wazaliwa wa kwanza wa wajakazi wanakufa pamoja na mzaliwa wa kwanza wa Farao, ingawa hakuna mjakazi aliyeulizwa iwapo Waisraeli waende zao au wabaki. Hata ndani ya Biblia yenyewe ugumu huu unatambuliwa. Ibrahimu anajadiliana na Mungu juu ya Sodoma, akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10, kwa sababu anaona kwamba mwenye haki akiangamizwa pamoja na mwovu, haki yenyewe imeingia dosari.

Wanazuoni wa Iskanderia walitafuta njia ya kupita katika ugumu huo. Philo, baada ya kukieleza kisa cha Sodoma kwa maana yake ya wazi, aliifasiri miji mitano ya bonde lile kuwa ni hisi tano za mwanadamu. Mji mdogo ulionusurika ukawa ni uoni, hisi aliyoiona kuwa bora kuliko zote. Moto ulioshuka Sodoma ukawa ni mwisho wa mtu aliyetawaliwa na hisi zake. Origen, mwanatheolojia Mkristo wa Iskanderia aliyeishi kutoka yapata mwaka 185 hadi yapata mwaka 253, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake kuhusu misingi ya kwanza ya imani. Kwa maoni yake, mwenye dhambi hatupwi katika moto uliokwisha kuwashwa na mwingine. Kila mmoja anauwasha moto wake, na kuni ni matendo yake. Dhamiri inapoyakumbuka yote iliyoyatenda, inachomwa na miiba yake yenyewe.

Faida ya usomaji wa namna hii ni bayana. Kwanza, unamzuia msomaji asifurahie maangamizi ya wengine. Mtu anayekisoma kisa cha Sodoma kama habari za mji wa watu wengine huwa mwepesi wa kunyosha kidole. Maafa yanapotokea mahali, mafuriko au ukame au maradhi, hawakosekani watu wa kutangaza kwamba waliofikwa walistahili. Usomaji wa ndani unakigeuza kidole hicho kumwelekea mwenyewe: Sodoma ni wewe. Pili, unaipa hukumu maana inayoweza kutambuliwa na asiyekuwa na imani yoyote, kwa kuwa hakuna mtu mzima asiyejua jinsi kumbukumbu ya tendo ovu inavyoweza kuukatiza usingizi. Si ajabu, basi, kwamba mwelekeo huu ulirudi kwa nguvu katika saikolojia ya karne ya 20. Carl Gustav Jung, katika kitabu chake kuhusu Ayubu kilichotoka mwaka 1952, alikisoma kisa hicho kama tamthilia ya ukuaji wa utambuzi, ambamo Mungu na mwanadamu wote wawili wanafikia kujijua.

Upinzani nao ulianza mapema. Katika Antiokia, Theodore wa Mopsuestia, aliyefariki mwaka 428, aliwalaumu wafasiri wa kiistiara kwa kuigeuza historia iwe kama ndoto za usiku. Lawama hiyo inaweza kuchukuliwa kuwa ni ya mtu asiyetaka mafumbo. Ikiangaliwa vizuri, hata hivyo, ina uzito wa kimaadili: katika ndoto hakuna anayeumia ila mwotaji.

Moyo, Dhamiri na Kusutwa

Kabla ya kuendelea, inafaa kuangalia lugha inayotumiwa kuizungumzia mahakama hii. Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno maalumu linalolingana sawasawa na dhamiri. Kazi hiyo inafanywa na moyo. Daudi anapoukata upindo wa vazi la Sauli pangoni, moyo wake unampiga. Anapowahesabu watu wake, moyo unampiga tena. Ni katika Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kiyunani, ambapo neno maalumu linapatikana, na watafsiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 wakalitolea "dhamiri".

Neno hilo limetoka katika Kiarabu, ambamo lina maana ya kilichofichwa moyoni. Katika istilahi za wanasarufi wa Kiarabu neno hilohilo ndilo jina la kiwakilishi, kwani kiwakilishi huficha jina la anayetajwa. Katika mzizi huohuo Kiswahili kina "dhamira", istilahi ambayo kila mwanafunzi wa fasihi anaijua. Nasaba hii ya maneno haithibitishi hoja yoyote, ila inakumbusha kwamba kiwakilishi humsimamia mtu fulani. Usomaji wa Philo ulisimama juu ya kiwakilishi. Swali la kuuliza ni nani aliyefichwa ndani yake.

Kitenzi "kusuta" kinafundisha zaidi. Katika utamaduni wa Waswahili wa pwani, kusuta ni tendo la hadharani. Aliyesingiziwa au kusengenywa hukusanya wenziwe, wakamwendea mkosaji mlangoni pake, yakasemwa mbele za watu yale aliyoyasema kisiri. Kusutwa si kujuta. Ni kuambiwa na aliyekosewa, mashahidi wakiwepo. Lugha ilipotaka kueleza kazi ya dhamiri, ilikichukua kitenzi hikihiki na kukipeleka ndani: fulani anasutwa na nafsi yake, dhamiri inamsuta. Hivyo, ndani ya usemi wenyewe, mlango, umati na mtu aliyedhulumiwa bado wapo. Dhamiri inayosuta imejifunza kazi hiyo kwa mtu wa nje.

Moyo Usiopiga

Kisa kinachoupima vizuri zaidi usomaji wa ndani ni kile cha Daudi na Uria, kinachosimuliwa katika sura za 11 na 12 za Kitabu cha Pili cha Samweli. Mfalme anamchukua mke wa askari wake, na mbinu za kuificha mimba zinaposhindikana, anamtuma askari huyo vitani na barua ya kifo chake mwenyewe. Kisha mwenye mke anakufa, mjane anaomboleza, siku za matanga zinakwisha, naye mfalme anamleta nyumbani kwake.

Jambo la kuzingatiwa ni lile ambalo msimulizi halisemi. Daudi ambaye moyo wake ulimpiga kwa sababu ya kipande cha nguo, hapa hakuna pigo la moyo linalotajwa. Badala yake anampelekea Yoabu ujumbe wa kumtuliza, kwamba asilione jambo hilo kuwa baya, kwani upanga haubagui. Dhamiri iliyokuwa hai mbele ya upindo wa vazi imelala mbele ya maiti. Msimulizi aliyejua kuutaja moyo wa Daudi katika kisa kimoja, na ambaye atautaja tena katika kingine, ananyamaza hapa, na kimya hicho kinasema mengi. Kama hukumu ingekuwa ni jambo la nafsi peke yake, kesi ya Uria isingefunguliwa kamwe.

Anayeifungua ni Nathani, kwa kusimulia hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwanakondoo mmoja aliyemlea kama binti. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu, na hapo anaambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Wafuasi wa usomaji wa ndani wanaweza kudai, na kwa haki, kwamba hapa Biblia yenyewe inafundisha njia yao: hadithi ya wengine inageuka kuwa kioo. Lakini mfuatano wa mambo ni muhimu. Daudi hakuanza kwa kujitazama. Alianza kwa kumwonea uchungu mtu wa nje, maskini aliyenyang'anywa, na uchungu huo ndio uliompatia hukumu ambayo baadaye ilimrudia. Kioo kilifanya kazi kwa sababu kwanza kilikuwa dirisha.

Hata baada ya hapo Nathani hamwachi Daudi abaki na taashira ya mwanakondoo. Anamtaja Uria Mhiti kwa jina, na upanga uliomwua. Istiara imekwisha kufanya kazi yake, sasa analetwa marehemu. Linganisha na Zaburi ya 51, ambayo anwani yake inaihusisha na tukio hilihili. Ni utungo wa toba wenye uzito ambao haupingiki, nao umewafariji watu wa karne nyingi. Hata hivyo, mnenaji anamkiri Mungu kuwa ni yeye peke yake aliyekosewa. Kwa mantiki ya kiteolojia kauli hiyo inaweza kutetewa, kwa kuwa kila dhuluma ni dhuluma dhidi ya Muumba. Lakini msomaji aliyetoka katika sura ya 11 hana budi kujiuliza: na Uria je? Usafi wa moyo unaoombwa katika zaburi hiyo ni wa kweli, na jina la Uria halimo katika ombi. Ni Injili ya Mathayo, katika orodha ya nasaba inayoonekana kuwa kavu, inayolirudisha jina hilo: mamake Sulemani hatajwi kwa jina lake bali kama mke wa Uria. Nasaba imekumbuka kile ambacho toba ilikiacha.

Kisa cha Nabothi kinalithibitisha jambo hilo kwa namna kali zaidi. Ahabu, baada ya kukemewa na Eliya kwa kulitwaa shamba la mizabibu la mtu aliyeuawa, anayararua mavazi yake, anavaa gunia, anafunga na kwenda kwa upole. Moyo wake umeguswa, na adhabu inaahirishwa. Lakini hakuna mstari unaosema kwamba shamba lilirudishwa kwa watu wa Nabothi. Toba ya ndani imekamilika na ardhi ingali mikononi mwa aliyeipora. Masimulizi hayalisahau shamba hilo: katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, maiti ya mwanawe Ahabu inatupwa papo hapo.

Ninawi Si Fumbo Tupu

Kitabu cha Yona kinaonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuupa usomaji wa ndani ushindi kamili. Hukumu iliyotangazwa haitekelezwi, mji unaokoka. Kesi halisi inaendeshwa moyoni mwa nabii aliyekimbia, aliyemezwa, aliyetapikwa na ambaye mwishoni amekasirika chini ya mtango uliokauka. Tumbo la samaki, kilindi cha bahari na kivuli kilichonyauka vyote vinakubali kusomwa kama hatua za nafsi inayokataa kujijua.

Hata hivyo, kitabu kinaishia na swali la Mungu kuhusu mji wenye zaidi ya watu 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi juu yao. Swali hilo lina nguvu kwa sababu Ninawi si sehemu ya nafsi ya Yona. Kama mji huo ungekuwa taashira ya hasira yake tu, Yona angekuwa na haki ya kuufanyia apendavyo. Anachotakiwa kukitambua ni kwamba nje yake kuna watu wengi ambao hawakuumbwa ili wawe fumbo la maisha yake. Kwa maneno mengine, ukuaji wa nafsi ya Yona, kama upo, ni kule kukubali kwamba si kila kitu ni nafsi yake.

Hali kadhalika, nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anaisoma Sodoma kwa namna inayouzuia usomaji wa hisi tano usitawale. Anautaja uovu wa mji huo kuwa ni kiburi, shibe na raha, pamoja na kutomsaidia maskini na mhitaji. Kiburi ni cha ndani. Shibe huenda ni ya ndani pia. Lakini maskini aliyenyimwa hakuwa hisi ya mtu. Ezekieli anauelekeza ujumbe huo kwa Yerusalemu, kwa wasikilizaji wake mwenyewe, na hivyo anafanya kile ambacho usomaji wa ndani hujivunia, yaani kukigeuza kidole. Ila anakigeuza bila kumwondoa mhitaji mlangoni.

Philo Mbele ya Damu

Ingefaa hoja hii imrudie yule aliyeianzisha. Mwaka 38 Wayahudi wa Iskanderia walishambuliwa katika mji wao. Nyumba ziliporwa, watu wakasongamanishwa katika mtaa mmoja, wengi wakauawa, na wazee wao wakachapwa viboko hadharani. Liwali wa Kirumi, Flaccus, hakuyazuia hayo, na kwa mujibu wa Philo aliyaunga mkono. Philo alikuwa kiongozi wa ujumbe uliokwenda Roma kumlalamikia Kaizari Gaius, na aliandika kitabu kizima dhidi ya Flaccus.

Katika kitabu hicho mfasiri wa Kaini hakusema kwamba wachomaji walijichoma. Alieleza mitaa, masoko na miili. Kisha, baada ya kusimulia jinsi Flaccus alivyokamatwa na kuhamishiwa kisiwa cha Andros, alimwonyesha liwali huyo usiku, akiitazama mbingu na kukiri kwamba yote aliyowatendea Wayahudi yamemrudia: alikubali waporwe, akaporwa, aliwadhihaki kuwa ni wageni wasio na haki, naye akanyang'anywa heshima yake. Hapa mahakama ya moyoni imefunguliwa kikamilifu, na walalamishi wote wamo ndani yake. Haihitajiki kudai kwamba Philo aliiacha istiara. Inatosha kuona kwamba marehemu walipokuwa wa mji wake, viambishi vyote viwili vilihitajika: Flaccus alijiangamiza kwa sababu aliwaangamiza wao.

Hitimisho

Fasihi ya Kiswahili inao mfano wake wa uwiano huu. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa mapema karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauhutubia moyo wake mwenyewe, akiuonyesha magofu ya Pate na majumba ya matajiri waliokwisha kuondoka. Hakuna shaka kwamba anguko la Pate linasomwa humo kama onyo kwa nafsi. Lakini mshairi haugeuzi mji kuwa taashira tupu. Pate inabaki Pate, na wafu wake wanabaki wafu wenye vyeo na desturi zao. Moyo ndio unaoitwa kwenda kuangalia, wala mji hauitwi kuingia moyoni na kuyeyuka humo. Pia hakuna shangwe juu ya walioanguka. Makosa yote mawili, la kuwanyoshea wengine kidole na la kuwafuta wengine, yameepukwa.

Ni dhahiri, kwa hivyo, kwamba uchaguzi kati ya "akamwua" na "akajiua" ni uchaguzi wa uongo. Msomaji anayeishia katika "akamwua" hujikuta akiwahesabu wakosaji wa nje na kulala usingizi mnono, kama Daudi alivyowaka hasira juu ya tajiri wa hadithi asijue kwamba ni yeye. Anayeishia katika "akajiua" anaweza kulia machozi ya kweli, kama Ahabu, na shamba likabaki mikononi mwake. Kaini alijiua, naam, lakini alijiua kwa kumwua Habili, na hapakuwa na njia nyingine ya kulifanya la kwanza pasipo la pili. Ndiyo maana katika kisa hicho sauti ya kwanza ya mashtaka haitoki moyoni mwa Kaini. Yeye, alipoulizwa, alijibu kwamba hajui ndugu yake alipo. Sauti ilitoka ardhini.